Kiti cha Njano Kwenye Foleni

Philadelphia,
6 Novemba 2011

Mdogo wangu Charisse,

Salamu nyingi kwako na kwa Nyla. Huku sisi wazima, ila goti langu la kushoto limeanza kulalamika mapema mwaka huu, na maana yake unaijua: theluji itakuwa nyingi. Janae hajambo, anaongea mpaka redio inanyamaza kumpisha. Kifua cha Nyla je, kimepona?

Nakuandikia kwa sababu mama mdogo Lucille ameamuru. Amesema tangu tumzike Mama hatujapigiana simu hata mara moja bila mmoja kumkatia mwenzake, na kwamba kwenye karatasi angalau kila mtu atasema mpaka amalize. Basi nimekaa hapa, mwendo wa nusu saa kwa basi kutoka kwako, nakuandikia kama askari aliye vitani. Ukitaka kucheka, cheka.

Nina ombi. Mwakani Janae na Nyla wote wanaanza chekechea. Huku kwangu shule ni Tolliver, na Tolliver unaijua. Nesi anakuja Jumatano tu, kwa hiyo mtoto akitaka kuugua na angoje Jumatano. Maktaba ina kufuli. Watoto wote ni weusi, na mimi sina neno na weusi, nina neno na lile kufuli.

Nyumba ya Mama iko ndani ya mpaka wa shule ya Fenwick, na shule wanapokea kwa anwani. Naomba nimwandikishe Janae kwa anwani ya Mama. Bili ya gesi bado inakuja kwa jina la Odessa Pettiford, nami ni Pettiford mpaka leo. Nimezaliwa mtaa huo. Nimesoma Fenwick, nawe umesoma, enzi zile ambazo Mzungu pale alikuwa mwalimu mkuu peke yake na hakuna aliyegombea nafasi. Sasa Wazungu wamehamia, wamepaka milango yao rangi, wamepeleka watoto wao, na shule ile ile imegeuka lulu.

Kuhusu nyumba sitasema mengi. Mama aliamua: nyumba kwako, kofia kwangu. Kofia kumi na saba, kila moja na kasha lake. Nikivaa mojawapo kanisani watu wananisifu, nami nasema asante. Lakini kofia haina anwani, Charisse. Nakuomba hiyo anwani tu.

Dada yako,
Rosalyn


Philadelphia,
19 Novemba 2011

Dada Roz,

Barua yako imefika salama, na pale pa askari nimecheka. Sisi hatujambo. Nyla kifua kimepoa, anakula vizuri, juzi alimaliza makaroni yote ya jibini akataka na yangu. Pole kwa goti. Lisugue kwa ile dawa ya mafuta ya kijani, usilidharau.

Ombi lako sitaweza kulitimiza. Usiitupe barua, soma mpaka mwisho.

Fenwick siku hizi wana mtu anayezunguka nyumba kwa nyumba. Machi iliyopita alibisha kwa Bi Hattie pale kona, akaomba kuonyeshwa vitanda vya wajukuu zake. Vitanda viwili havikupatikana. Watoto walitolewa darasani siku hiyo hiyo, wenzao wanatazama, wamebeba mabegi na michoro yao. Ukitaka kujua wanambishia nani mlango, nenda kaangalie rangi ya aliyesimama nyuma ya mlango. Wale wanaokodi chumba hapa miezi mitatu ili waandikishe mtoto kisha warudi kwao, hao hawabishiwi.

Na nafasi za chekechea ni sabini na mbili. Wanaandika kwa foleni, wa kwanza kufika wa kwanza kuandikwa. Mzee Gaskins wa hapa jirani ameuza nyumba, amekuja mama wa Kizungu anaitwa Kirsten, naye ana mtoto wa umri wa kina Nyla. Zamani tulikuwa tukisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wamekuja, na wenyeji ndio tunaopanga mizigo. Wakimkamata Janae kwa anwani yangu, watamchunguza na Nyla. Sina mtoto mwingine, Roz.

Kisha unaandika habari ya nyumba kama vile niliiokota. Miaka sita nilimwogesha Mama. Wewe ulikuja Jumapili, ukala, ukaosha sahani mbili, ukasifiwa.

Na kwa kuwa mama mdogo anataka tuseme mpaka tumalize, acha niseme la kwangu. Unakumbuka kile kiti cha njano cha jikoni, chenye mguu uliofungwa waya? Kila theluji ikianguka, Mama alitoka na sepetu, mwanamke wa miaka sabini, akazoa nafasi ya gari mbele ya nyumba, akakiweka kile kiti katikati ili Roz wake apate pa kuegesha. Mtaa mzima hakuna aliyekigusa. Kiti kimewekwa, mtu asiondoe, hata mlevi alijua. Nilikuwa namtazama dirishani kwa wivu. Mimi niliyekuwa ndani sikuwahi kuwekewa kiti na mtu.

Mdogo wako,
Charisse


Philadelphia,
4 Desemba 2011

Charisse,

Natumaini hamjambo. Sisi hatujambo.

Nimeelewa. Nyla ana Fenwick, Janae ana kufuli. Sitakuomba tena.

Kuhusu kiti, sikujua kuwa unanionea wivu kwa nafasi ya gari. Tubadilishane basi. Chukua kiti, nipe nyumba.

Krismasi tutakula huku kwetu. Mwambie mama mdogo nina mafua.

Rosalyn


Philadelphia,
26 Januari 2012

Dada yangu Roz,

Salamu. Najua umeninunia na Krismasi hukuja, hata sahani yako niliyokufunikia niliimwaga tarehe ishirini na nane. Lakini leo sina mwingine wa kumwambia. Nimelia siku mbili, macho yamekuwa kama maandazi.

Uandikishaji ulikuwa Jumanne. Nikasikia watu wataanza foleni Jumatatu asubuhi, nami saa kumi na mbili nilikuwa nimeshafika, Nyla nimemwacha kwa mama mdogo. Nilikuwa wa thelathini na moja. Wenzangu wana viti vya kukunja, mahema, majiko ya kuchemshia kahawa, mmoja kaja na mbwa aliyevaa koti. Mimi nilibeba kiti cha Mama, kile cha njano.

Saa saba nilikuwa na zamu kule nyumba ya wazee. Wenzangu wawili wanaumwa, na msimamizi akasema kwenye simu kwamba nisipofika nisirudi tena. Wa kunishikia nafasi nilikuwa naye mmoja tu mjini hapa, naye kaninunia. Nikafanya ambalo mtu yeyote wa mtaa wetu angefanya. Nikaandika PETTIFORD, NINARUDI kwenye karatasi, nikaibandika kwenye egemeo la kiti, nikakiweka sawasawa mahali pangu, nikaenda kazini moyo umetulia kabisa. Kiti kimewekwa! Nani atakiondoa?

Nilirudi saa moja unusu jioni. Kiti kimeegemezwa kwenye uzio, karatasi yangu imelowa iko chini, na foleni imejibana kana kwamba sikuwahi kuwepo. Nikamuuliza bwana aliyekuwa nyuma yangu. Akasema, kwa upole tena, "Samahani dada, tulidhani kimetupwa." Kimetupwa! Nikapiga kelele. Nikawaambia hiki kiti kina miaka mingi mtaani hapa kuliko wao wote wakijumlishwa. Wakaanza kutazama chini, mmoja akataka kuita polisi, basi nikanyamaza, maana polisi akija unajua atazungumza na nani kwanza.

Nilikwenda nyuma. Nikawa wa themanini na moja. Nilikaa papo hapo mpaka asubuhi, kwenye kiti hicho hicho. Walipofika wa sabini na mbili wakafunga mlango. Niliwaangalia watoto waliopata wakipigwa picha na wazazi wao. Weusi ni tisa, Roz. Tisa, kwenye shule ambayo mimi na wewe tulifuta ubao wake.

Hawajui kiti ni nini. Watu wanahamia mtaa, wananunua kila kitu kilichomo, na hawajui kiti ni nini.

Mdogo wako,
Charisse


Philadelphia,
5 Februari 2012

Mdogo wangu mpenzi,

Pole. Pole sana. Nimesoma barua yako mara tatu. Janae aliniuliza kwa nini sijapika.

Watu wale hawana adabu. Ni kama ulivyosema, hawajui. Usijilaumu kwa kwenda kazini, na wala usianze kuchunguza nani kakiondoa, maana hutampata na utajiumiza bure. Watu wengi vile, kila mmoja atamsingizia mwenzake.

Nilipiga simu Tolliver kwa niaba yako. Walioachwa na Fenwick wanapelekwa huku. Nimemwomba mwalimu wamweke Nyla darasa moja na Janae. Asubuhi umlete kwangu kabla ya zamu, jioni nitamlisha. Tutakuwa tena kama ndugu. Mama angefurahi.

Nimemtuma mama mdogo na pai ya viazi vitamu, nzima, usimgawie mtu.

Yule dada yako anayekupenda,
Rosalyn


Philadelphia,
30 Septemba 2012

Dada Roz,

Natumaini hamjambo, ingawa Ijumaa tu nilikuona mlangoni kwako ukimfunga Nyla kamba za viatu. Mama mdogo ameshangaa kusikia nakuandikia tena. Amesema si mmeshapatana, mnaongea kila siku? Nikamwambia hili ni la karatasi.

Kwanza acha nikushukuru. Miezi hii umenisaidia kuliko miaka yote. Nyla anakupenda, akichora familia anakuchora wewe mkubwa kuliko mimi, na safari hii sikuona wivu hata kidogo. Wanakaa dawati moja na Janae, wanachekeana tu, kufuli la maktaba bado hawajaliona. Mimi ndiye ninayeliona. Asubuhi nikimpeleka kwako nampitisha mbele ya Fenwick, na kila asubuhi ananiuliza mbona shule iko hapa na sisi tunapanda basi.

Jana Kirsten wa jirani alikuja na pai ya tufaha. Tangu Januari sijamsalimia. Akinipungia mkono naangalia mbinguni kama natafuta ndege. Jana alisimama kibarazani hataki kuondoka, akasema, "Charisse, nina jambo limenikaa rohoni. Ile siku ya foleni, aliyekiondoa kile kiti ni mimi."

Nilitaka kumfungia mlango usoni. Akasema, "Lakini niliuliza kwanza. Karatasi ilikuwa imeshapeperuka, na kulikuwa na mama amesimama karibu yake kabisa, nikadhani ni chake. Nikamuuliza kiti hiki ni cha nani. Akasema hajui."

Nikamuuliza mama gani. Akasema mama mweusi, mrefu, ameshika mfuko wenye chupa ya chai. Amevaa kofia ya zambarau yenye unyoya mweupe. Akasema aliikumbuka kwa sababu ni kofia nzuri kuliko zote alizowahi kuona.

Roz, wanawake weusi warefu mji huu umejaa. Kofia ya Mama ya Pasaka ni moja.

Niambie umeibiwa. Niambie uliiazimisha mtu kanisani. Sema lolote, nitaamini.

Mdogo wako,
Charisse


Philadelphia,
21 Oktoba 2012

Charisse,

Sijui kama bado naruhusiwa kukuuliza hali. Wiki tatu hujamleta Nyla kwangu, na darasani wamemhamisha dawati. Janae analia, anasema dawati limekuwa kubwa.

Sikuibiwa.

Siku ile nilikuja kukusaidia. Hilo ni kweli. Mama mdogo aliniambia uko kwenye foleni tangu alfajiri, nikachemsha chai, nikaweka na mkate wa mahindi, nikavaa kofia ya Mama maana ndiyo inayoziba masikio. Nilitaka kukushikia nafasi. Njiani nilikuwa nakariri maneno ya kukuomba radhi kwa Krismasi.

Nikafika, wewe hupo. Nikakiona kiti. Nikakijua kwa waya wa mguuni kabla sijasoma karatasi. Nilisimama pale nikakitazama, na badala ya kumkumbuka Mama nikaona hesabu nyingine: nyumba yake, mpaka wa shule, Nyla ndani, Janae nje. Na sasa hata kiti, kitu pekee ambacho Mama alikuwa akiniwekea mimi peke yangu, kimewekwa kwa ajili yako. Upepo ukaing'oa karatasi. Nikaiona ikienda. Mguu wangu ulikuwa hapo karibu, ningeikanyaga tu isiende. Sikuikanyaga.

Yule mama akaja, akauliza. Charisse, aliuliza. Tumewatukana wote kwa pamoja kwamba hawaulizi, na yule mmoja aliuliza vizuri kabisa, akaniita mama. Nikasema sijui. Akasema basi atakisogeza. Nikasema haya. Mimi, mtoto wa Odessa Pettiford, niliyelelewa mtaa ule, nikamwambia haya. Kisha nikarudi nyumbani, chai nikainywa mwenyewe kwenye gari.

Ningepata kitu ningesema nilikufanyia hivyo kwa ajili ya Janae. Lakini Janae hakupata kitu, na nilijua hatapata. Ilikuwa roho ya kwa nini tu. Kwa nini yeye na si mimi. Nilitaka usipate, basi. Na uliponiandikia unalia, nililia kweli, na chini ya kilio palikuwa na kijifuraha kidogo kimejikunja kama paka. Nakuambia na hilo ili usije ukalisikia kwa mtu mwingine.

Sikuombi unisamehe leo. Naomba kimoja. Theluji ya kwanza ikianguka nitakuja Jumapili baada ya ibada, na kofia zote kumi na saba ndani ya gari, uchague au uchukue zote. Nikikuta umeniwekea kiti, nitaegesha. Nisipokiona, nitapita moja kwa moja, sitapiga hata honi.

Dada yako, hata ukikataa,
Rosalyn


Philadelphia,
24 Januari 2013

Roz,

Theluji ya kwanza imeanguka tangu Jumatatu, imefika magotini.

Jana asubuhi nilichukua sepetu la Mama nikazoa nafasi moja mbele ya nyumba, kutoka ukingo mpaka ukingo. Nilitumia saa mbili na mgongo haujanisamehe. Gari sina, unajua. Kisha nikaenda jikoni, nikakitoa kile kiti, nikakiweka katikati. Nyla aliuliza tunamwekea nani. Nikamwambia ale uji wake.

Mchana Kirsten alirudi, akazunguka mtaa mara tatu hana pa kuegesha. Mara ya nne akasimama mbele yetu, akateremsha kioo. Amejifunza, kiti hakukigusa. Mimi nilikuwa kibarazani. Akaniuliza, "Jirani, kiti hiki ni cha nani?"

Nilitaka kulitaja jina lako. Naapa kwa kaburi la Mama, lilifika mpaka kwenye meno.

Nikamwambia sijui.

Akashuka, akakibeba kwa mikono miwili, akakipandisha ngazi taratibu, akaniwekea kando ya miguu. Akasema asante. Akaegesha.

Nimekaa juu yake sasa hivi nikikuandikia. Tangu Oktoba nimejiuliza ulilitoa wapi neno lile. Sasa najua, liko karibu tu.

Jumapili hii hakuna pa kuegesha.

Charisse